Windows 10 imeniacha njiani, ninunue Mac ama nijaribu hiyo Linux?

mwalimu_mstaafu_umoja

Hamjambo wote humu. Nianze kwa kusema mimi si mtu wa kompyuta, nimefundisha Darasa la Nne miaka mingi na hii mashine nimeijua ukubwani, kwa hivyo mkinijibu mnijibu pole pole kama mtoto amehamia shule katikati ya muhula.

Niko na HP EliteBook 840 G3, niliinunua ex-UK (zile zimetumika Uingereza zikaletwa huku) huko tao, haijawahi kunisumbua hata siku moja. Sasa inaniletea ujumbe ati Windows 10 imefika mwisho na hii mashine haiwezi kuingia Windows 11. Nimebonyeza "nikumbushe baadaye" mpaka kidole kimechoka. Kijana wangu wa mwisho anasema nitupe hiyo kitu ninunue Mac, mkwe wangu naye anasema kuna kitu inaitwa Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ya bure. Wakikutana hapa kwangu Jumapili wanabishana mpaka chakula kinapoa, na hakuna hata mmoja ameniuliza hiyo kompyuta huwa naifanyia nini.

Basi nawaambia nyinyi. Mimi ndio mweka hazina wa chama chetu, tuko kina mama 23, hesabu zote ziko kwa Excel, na mpwa wangu aliniwekea kitufe nikikibonyeza kinanitolea majina ya wale hawajalipa mwezi huu. Hicho kitufe ndio heshima yangu mkutanoni. Halafu natengeneza programu za ibada kanisani, na za mazishi, na za harusi, kwa Microsoft Publisher, niko na faili za karibu miaka tisa. Halafu Zoom na msichana wangu ako Uingereza, na kuprinti statement za M-Pesa. Ni hayo tu.

Nimeulizia MacBook Air ya M1 iliyotumika nikaambiwa elfu sabini na kitu. Hiyo si pesa ya kutoa halafu nije nilie. Je, mtu kama mimi akihama ataweza?

fundi_wa_luthuli

Shikamoo mwalimu. Kwanza hiyo mashine haijaharibika, tuanzie hapo juu naona watu wanatishwa bure. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa apdeti za usalama za Windows 10. Maana yake kompyuta itawaka leo na kesho na mwaka ujao, ila wezi wakigundua tundu jipya hakuna mtu atakuja kuliziba. Kwa mtu anafungua kila kitu anatumiwa kwa imeli hiyo ni hatari, na kila mwezi ukipita inakua hatari zaidi.

Kwa nini inakataa Windows 11, ingia setingi uangalie pale pameandikwa Processor. Kwa G3 mara nyingi utaona i5-6300U ama i5-6200U. Tarakimu ya kwanza baada ya hicho kistari ndio kizazi, yako ni 6, na Windows 11 kwa hizi za Intel inataka kuanzia 8, pamoja na kichipu cha usalama kinaitwa TPM 2.0. Kuna mafundi huku tao watakuambia watailazimisha iingie. Inaweza kuingia kweli, lakini Microsoft haikuahidi kwamba itaendelea kuipa apdeti, kwa hivyo umelipa fundi urudi pale pale.

Sasa kuna njia ambayo kijana wako na mkwe wako hawajaitaja. Nunua 840 G5. Nyingi ziko na i5-8250U ama 8350U, hiyo ni kizazi cha nane, zinaingia Windows 11 bila maneno, na Publisher yako na kitufe chako vinahama vile vilivyo. Lakini angalia namba kabla hujatoa pesa, juu kuna G5 zingine zilitoka na kizazi cha saba na kwa nje huwezi kuzitofautisha.

Na kama hutaki kuamua leo, kuna mwaka mmoja wa ziada, inaitwa ESU, inakupeleka mpaka Oktoba 2026. Ingia Windows Update, kama uko kwa toleo la 22H2 utaona mahali pa kujiandikisha. Ni dola 30, ama bure kama utakubali setingi zako zihifadhiwe kwa akaunti ya Microsoft.

mchoraji_rongai

Mwalimu mimi nilihama Windows nikaenda Mac 2021 na siwezi kurudi, lakini nitakuambia ukweli wote juu hawa vijana wa Mac huwa wanaficha.

Uzuri wake kwanza. M1, hicho kichipu cha Apple wenyewe, ilitoka mwishoni mwa 2020, ile Air haina feni kabisa, hakuna ile kelele ya mashine kama inataka kupaa, na betri mimi natoka nayo asubuhi naiacha chaja nyumbani. Stima ikipotea Rongai (na inapotea) naendelea na kazi. Zoom yake ni safi, kamera ya kawaida lakini maiki inashika vizuri.

Sasa wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza nilitaka kuitupa. Kila kitu ulikuwa unafanya na Ctrl sasa ni Command, na kidole hakisikii, kinaenda Ctrl chenyewe. Ukifunga dirisha kwa kile kidoti chekundu programu haijafunga, iko tu huko nyuma imekaa. Ukiwa umechagua faili ubonyeze Enter haifunguki, inakuuliza unataka kuibadilisha jina. Kuhamisha faili, hakuna kukata na kubandika kama ulivyozoea, unakopi na Command C halafu mahali unataka ikae unabonyeza Command, Option na V kwa pamoja. Mac za ex-UK nazo kibodi ni ya Uingereza, ile alama ya reli # hutaiona mahali popote, imejificha kwa Option na 3. Nilikaa siku mbili nikiitafuta nikidhani kibodi imekufa. Na hadi disku ya nje uliyotumia kwa Windows, kama ni NTFS (ule mpangilio wa faili wa Windows), Mac itaisoma lakini haitakubali kuandika ndani yake.

Hayo yote unazoea. Kwangu ilikuwa wiki tatu hivi. Kile hutazoea ni hiki, Publisher haiko kwa Mac. Hakuna ya kununua, hakuna ya bure. Na hata huko Windows kwenyewe Microsoft imetangaza inaizima Oktoba 2026.

mwalimu_mstaafu_umoja

Marahaba fundi, na asante mchoraji. Lakini ngojeni kwanza. Umesema Publisher inazimwa? Inazimwa namna gani, na faili zangu?

mchoraji_rongai

Pole mwalimu, nilidhani unajua. Kama unalipia Microsoft 365 kila mwaka, baada ya hiyo Oktoba Publisher haitafungua hizo faili tena. Kama yako ni ile ya zamani ya kununua mara moja, itaendelea kufunguka lakini imeachwa kama yatima, hakuna apdeti. Yako ni gani?

mwalimu_mstaafu_umoja

Sijui. Alinitilia kijana wa saiba. Imeandikwa 2016.

pengwini_wa_kahawa

Wasee kwani mnamuuzia mwalimu mashine za elfu sabini na HP yake iko fiti?? Weka Linux Mint, bure, hakuna leseni, hakuna kuulizwa ulipe, imeishi tangu 2006 na toleo la 22 liko na apdeti mpaka 2029. Hiyo G3 na RAM ya 8GB itakimbia kuliko ilivyokimbia na Windows. Menyu iko pale pale chini kushoto, saa iko chini kulia, mathe hata hatajua amehama. Kitu kidogo tu ufungue terminali uandike sudo apt

fundi_wa_luthuli

Wewe pengwini acha hapo hapo. Mwalimu ameuliza pole pole, wewe unamletea skrini nyeusi ya kuandika amri. Hahitaji hiyo, Mint iko na kidirisha cha apdeti unabonyeza tu.

Lakini mwalimu, kijana ako sawa kwa jambo moja, Linux unaweza kuionja bila kuimeza. Unatafuta flashi ya 8GB, mtu anakuwekea Mint ndani, unazima HP yako, unaiwasha ukigonga Esc halafu F9, unachagua flashi. Inafunguka yote kutoka kwa flashi na haigusi kitu chochote kwa disku yako. Jaribu Wi-Fi, jaribu sauti, jaribu printa, fungua zile faili zako. Ukitoa flashi na kuwasha upya, Windows yako iko vile uliiacha. Mac huwezi kuijaribu hivyo, ni mpaka umpate mtu wa kukuazima.

pengwini_wa_kahawa

Sawa sawa nimepoa 😅 samahani mwalimu. Niseme kitu ya maana basi. Mint inakuja na LibreOffice, programu za ofisi za bure kama zile za Microsoft, na ndani yake kuna Draw, hiyo inafungua faili za Publisher zile za .pub. Sio safi asilimia mia, maandishi yanaweza kuhama hapa na pale, lakini utaona kila kitu chako.

Na swali moja kwa heshima. Hizo faili za miaka tisa, ni programu tofauti tofauti ama ni moja umekuwa ukibadilisha majina na nyimbo?

mwalimu_mstaafu_umoja

Heee. Umenishika. Ni nne. Ya Jumapili, ya mazishi, ya harusi, na ya shukrani. Hizo zingine zote nimekuwa nikifungua ya zamani nabadilisha jina la marehemu na picha.

pengwini_wa_kahawa

Basi huna faili za miaka tisa za kuhamisha, uko na nne za kuandika upya. Hiyo ni kazi ya wikendi moja. Zile za zamani ambazo ni kumbukumbu, zigeuze PDF sasa hivi ukiwa bado kwa Windows, Publisher yenyewe inageuza, na PDF itafunguka kwa Mac, kwa Linux, kwa simu, mpaka kwa simu ya mjukuu.

mhasibu_wa_chama_tatu

Habari mwalimu, mimi pia ni mweka hazina, wa vyama vitatu, Mungu anisaidie. Nimeona watu wamekimbilia Publisher wakasahau hicho kitufe chako, na mimi naona hicho ndio kitakuletea shida mbele ya kina mama.

Kitufe cha mpwa wako ni makro. Makro ni maagizo yameandikwa ndani ya Excel, na hayo hayasafiri vizuri. Ukienda Mac, Excel iko, unalipia, na makro nyingi zitafanya kazi, lakini kama kitufe kilitengenezwa kwa ile namna ya ActiveX kwa Mac hakibonyezeki. LibreOffice inajaribu, wakati mwingine inafaulu wakati mwingine inanyamaza. Excel ya bure ya kwa braoza, makro haiendeshi kabisa. Na hata ukibaki Windows, siku mpwa amesafiri na kitufe kimegoma utafanya nini?

Ondoa kitufe, weka fomula. Tuseme mchango ni 2,000 na pesa za mwezi ziko safu ya C, majina yanaanza mstari wa tano. Kwa D5 andika hivi

=IF(C5<2000,"bado","sawa")

halafu vuta ile pembe ya chini mpaka jina la 23. Kila mwenye hajamaliza ataandikwa "bado". Ukitaka majina ya "bado" peke yake weka filta pale juu ya safu. Hiyo fomula inafanya kazi kwa Excel, kwa LibreOffice, kwa Google Sheets, Windows, Mac, Linux, popote. Mimi nilihama kutoka kompyuta moja hadi nyingine mara tatu na vyama vyote vilihama na mimi bila mtu kujua.

Statement ya M-Pesa usiwe na wasiwasi, ni PDF yenye paswadi, kila mashine inaifungua.

mwalimu_mstaafu_umoja

Nimeandika hiyo fomula leo asubuhi nikiwa na chai. Imekubali mara ya pili, mara ya kwanza nilisahau zile alama za kufunga maneno. Mama mmoja alikuwa amelipa 1,950 akimaanisha ametoa ya kutuma, kitufe kilikuwa kinampitisha, fomula imemwandika "bado". Kumbe mpwa wangu alikuwa mpole.

Jumamosi nitaingia tao kuangalia hizo Mac kwa macho. Nikifika niangalie nini?

fundi_wa_luthuli

Hapo mwalimu sikiliza vizuri, juu hapo ndio watu wanalia.

Hizi Mac za ex-UK nyingi zilikuwa za makampuni. Kuna zingine bado zimefungwa na kampuni huko ng'ambo, ama na akaunti ya mwenyewe wa kwanza. Muuzaji anakuonyesha imewaka, inang'aa, unalipa, unafika nyumbani unaifuta uanze upya, inakuambia ni ya kampuni fulani uweke paswadi yao. Kwa hivyo mwambie aifute kabisa mbele yako, halafu uianzishe kutoka ile skrini ya kukusalimia, ukitumia intaneti ya simu yako mwenyewe. Usikubali kuruka hatua ya intaneti, hiyo ndio inaenda kuuliza Apple kama mashine iko huru. Ukiona maneno Remote Management ama Activation Lock, msalimie vizuri uende.

Betri, ingia setingi uone afya yake, na idadi ya mizunguko ya kuchaji. Air inahesabiwa mizunguko 1,000. RAM na disku ya M1 vimeunganishwa moja kwa moja kwa mashine, hakuna fundi wa kukuongezea kesho, vile umeinunua ndivyo itazeeka.

Usishawishike na Air ya 2017 ile tufaha lake linawaka taa, ni bei rahisi lakini mfumo wake uliishia toleo la Monterey la 2021, utakuwa umetoka kwa mashine imeachwa ukaingia kwa ingine imeachwa. Za Intel zote zinaelekea huko, Apple ilisema toleo la 2025, Tahoe, ndio la mwisho kwa Intel. Na Pro nyingi za 2016 hadi 2019 ziogope kibodi, funguo zilikuwa zinakwama kwa vumbi kidogo tu, na vumbi la Nairobi unalijua.

mwalimu_mstaafu_umoja

Nimerudi, miguu inauma lakini nina mengi.

Duka la kwanza kijana alikuwa na maneno matamu, mathe hii, mathe ile, mashine safi kama mpya. Nikamwambia aifute. Akasema imeshafutwa. Nikamwambia basi tuianzishe na intaneti yangu, nikatoa simu. Akaanza kuniambia hapo ndani netiweki iko chini. Nikamwambia yangu iko juu. Ikaanza, ikauliza lugha, ikauliza nchi, ikashika intaneti, halafu ikatokea ile ile skrini fundi alisema, Remote Management, na jina la kampuni ya huko kwao. Kijana akasema "hiyo si kitu mathe, naeza kuitoa." Nimefundisha watoto arobaini kwa darasa moja, nikamwangalia tu vile nilikuwa nawaangalia. Akaifunga mwenyewe.

Duka la pili mashine ilikuwa safi kweli, ikapita yote, betri 88. Mama mwenye duka akanipa kiti akaniambia niandike kitu. Nikaandika jina la chama na namba za simu, vidole vikawa vinaenda Ctrl kama mchoraji alivyosema. Ni mashine nzuri, nyepesi kama daftari. Nikashika mkoba nikafikiria, ninatoa elfu sabini na mbili nikajifunze upya kazi ambayo naijua, na programu nne bado nitaziandika tena. Nikamshukuru nikamwambia nitarudi. Sijui kama nitarudi.

Jioni mkwe wangu akaja na flashi. Esc, F9. Ikawaka. Wi-Fi ikashika, sauti ya msichana wangu ikatoka kwa Zoom, printa ikaonekana yenyewe bila CD. Programu ya mazishi ikafunguka kwa hiyo Draw lakini Zaburi ya 23 ilikuwa imepanda juu ya picha ya marehemu. Tukacheka, Mungu atusamehe.

Sasa naogopa jambo moja tu. Nikiiweka kabisa na nikajuta?

fundi_wa_luthuli

Usifute kitu. Nunua SSD (disku ya kisasa, ina kasi) ya 256GB, mimi nauza elfu nne lakini chukua popote. Fungua hiyo G3 nyuma, toa disku ya zamani na Windows yake yote, ifunge kwa karatasi uandike tarehe uweke kabatini. Weka SSD, Mint inaingia humo. Ukijuta, unarudisha disku ya zamani kwa skrubu zile zile na Windows inaamka kama ilikuwa imelala. Lakini kopi faili zako kwa disku ya nje kabla mtu hajashika bisibisi.

mchoraji_rongai

Naunga mkono, na mimi ni mtu wa Mac. Hiyo elfu sabini na mbili ikae kwa chama ikuzalie.

mwalimu_mstaafu_umoja

Ni wiki mbili sasa. Disku iko kabatini chini ya vitambaa vya meza. Mint iko kwa SSD, inawaka kabla sijamaliza kuvaa miwani. Chama kilikaa Jumanne, "bado" walikuwa sita, wakalipa wote kabla ya sala ya kufunga.

Sasa msaada. Programu ya Jumapili nimeiandika upya kwa LibreOffice Writer, kurasa nne, ile A4 inakunjwa katikati inakuwa kijitabu. Publisher ilikuwa inajipanga yenyewe. Hii imeniprintia ukurasa wa kwanza kando ya wa pili, nikikunja matangazo yanakuwa mbele na jina la kanisa liko ndani. Nimeharibu karatasi kumi na moja na kesho ni Jumamosi.

pengwini_wa_kahawa

Mwalimu ukibonyeza Print, kabla ya kukubali, upande wa kulia kuna mahali pa mpangilio wa kurasa, chagua Brochure badala ya ile ya juu. Yenyewe itaweka wa nne na wa kwanza pamoja, wa pili na wa tatu nyuma yake. Printa yako haigeuzi karatasi yenyewe? Basi printi upande mmoja kwanza, halafu geuza rundo kwa upande mfupi urudishe. Jaribu na karatasi moja kwanza tafadhali.

mwalimu_mstaafu_umoja

Imetoka. Moja ilitoka kichwa chini, nilikuwa nimegeuza kwa upande mrefu. Ya pili imekaa. Naprinti mia na hamsini sasa, mkwe wangu anakunja.